Mbabula Langoni

Mama Ntumba alifika kwenye lango la kliniki mpya akiwa na mume, godoro, sufuria mbili, mfuko wa makaa na mbabula yake, lile jiko la bati alilopikia tangu binti yake Ève hajaota meno. Mlinzi aliutazama mzigo ule, akamtazama na mgonjwa mwenyewe, Papa Ngoyi, aliyesimama pembeni ndani ya suti yake ya kanisani, viatu vinang'aa, mkono mmoja umeshika tumbo chini ya kitovu. Kisha akatoa hukumu: mgonjwa apite, vingine vyote vibaki nje.

"Na minyi?" akauliza Ntumba.

"Mama, weye uko mu bile bintu bya kubakia inje," akajibu mlinzi, tena kwa adabu zote.

Sasa, mtu wa mbali anaweza kudhani mama huyu alikuwa na wazimu kidogo, kwenda hospitali na makaa. La hasha. Mji mzima wa Kamina ndivyo unavyouguza. Mgonjwa hulala kitandani, ndugu yake hulala chini ya kitanda, na huyo ndugu huitwa garde-malade. Ndiye anayepika uani, anayefua shuka, anayemwamsha muuguzi aliyesinzia na anayegombana naye inapobidi. Mgonjwa asiye na garde-malade ni mtu aliyetupwa na ukoo wake, na wapita njia humwonea huruma huku wakijifanya hawakumwona. Ntumba alikuwa ameuguza watoto, mashemeji, hata jirani aliyemchukia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala peke yake.

Lakini kliniki hii ilikuwa ya wageni. Serikali ilikuwa imefungua milango: benki, bima, simu, hospitali, mwenye mtaji kutoka nchi nyingine akaribie atoe huduma. Papa Ngoyi aliisikia habari hiyo redioni na ikamkaa moyoni kuliko mahubiri. Alikuwa karani mstaafu wa reli, Mmethodisti wa kuzaliwa, sauti ya chini kabisa katika kwaya, na kila baada ya ibada aliwakusanya wenzake kuwaeleza kwamba ushindani utaleta ubora. Alipokwisha kueleza nje, alirudi kueleza ndani.

"Mulango inafunguka, mama Ève! Bageni bataleta mashini, bataleta banganga!"

"Mulango ikifunguka," Ntumba alimjibu huku akichambua sombe, majani ya mihogo, "hata mbuzi inaingia."

Basi waliingia si mbuzi bali Watanzania, wakakarabati nyumba ya zamani karibu na gare, stesheni ya treni, wakaipaka rangi nyeupe hadi macho yakauma, na ukutani wakaandika kwa herufi za kijani: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Ève akapata kazi ya mapokezi. Siku alipovaa sare mara ya kwanza, baba yake alimzunguka kumtazama kila upande kana kwamba ni yeye aliyeishona.

Tatizo ni kwamba vitanda vilibaki vitupu. Watu walikuja kutazama. Wake za askari walitoka hata Base, kambi ya jeshi, wakasifu sakafu, wakagusa bomba la maji, kisha wakauliza swali moja tu: garde-malade analala wapi? Wakaambiwa halali. Wakashukuru, wakaenda zao, hawakurudi. Daktari Matthias, kijana mrefu wa Mwanza aliyetumwa kuiongoza kliniki, alikuwa anapigiwa simu na wakubwa wake wa Dar es Salaam karibu kila asubuhi, na kila asubuhi alikuwa na maneno machache zaidi ya kuwaambia.

Ndiyo maana ngiri ya Papa Ngoyi ilikuwa habari ya mji. Kwa miaka alikuwa ameificha ndani ya suruali pana. Siku ya Pasaka ngiri ikanasa, akajikunja sakafuni jasho linamtiririka, na iliporudi mahali pake Matthias alimwambia wazi kwamba safari nyingine huenda isirudi, na hapo hakuna atakayemwokoa. Daktari wa kupasua huja kwa ndege ndogo kutoka Lubumbashi, hukaa siku moja, huondoka. Kama angemkosa safari hii, angengoja mpaka daktari aje tena, ngiri nayo haina adabu ya kungoja. Ngoyi akasema yuko tayari. Akitoka kwa miguu yake mwenyewe, mji mzima utaingia. Na asipotoka? Hilo hakulisema mtu, ila Ntumba alilisikia mchana kutwa.

Matthias alitoka hadi langoni. "Shikamoo, mama."

Ntumba alikwisha kufundishwa na bintiye jibu la salamu hiyo ya kwao, lakini siku ile hakumpa.

"Mama yangu, hapa chakula tunatoa sisi, shuka tunatoa sisi, na wauguzi wapo usiku kucha. Wewe nenda nyumbani upumzike. Kesho njoo umwone."

"Nipumzike? Bwana yangu iko mu kitanda ya bantu, na minyi nipumzike?"

Matthias akageuza shingo kumtafuta Ève. Ève, maskini, alikuwa mlangoni na sare yake, hajui awe binti au awe mapokezi. Ngoyi ndiye aliyemwokoa kila mtu. Alimsogelea mkewe, akamshika kiwiko. "Enda, mama Ève. Nitakuwa muzima. Na bukari yako nitaikula, usiogope."

Akaingia, hakugeuka nyuma. Mbabula ikabaki kwa mlinzi.

Njia ya kurudi nyumbani hupita kando ya gare, na hapo Ntumba hakuweza kupita kama watu wengine wanavyopita. Pale kwenye jukwaa la gare ndipo alipofika akiwa msichana, na wazazi wake na mdogo wake Mwadi, mwaka ule Wakasai, watu wa kwao, walipofukuzwa mji wa Likasi, watu wamejazana na vitanda vyao na milango ya nyumba zao waliyoing'oa, wakingoja treni isiyokuja. Surua ilipoingia, Mwadi alichukuliwa kupelekwa kwenye hema la wagonjwa. Ndugu haruhusiwi, walisema, mwende mpumzike. Ntumba alisimama nje ya kamba akisikia watoto wakilia na hakujua kilio kipi ni cha Mwadi. Kesho yake walimpa mdogo wake amefungwa ndani ya blanketi. Tangu siku hiyo, neno pumzika likitoka kinywani mwa mwenye koti jeupe, yeye alitafuta pa kuingilia.

Na pale pale ndipo alipompata Ngoyi. Alikuwa karani mpya, mwenyeji wa Kamina, katumwa na mkubwa wake awaambie wakimbizi kwamba kupika kwenye jukwaa ni marufuku. Alifika mbele ya moto wa Ntumba, akaisema sheria yote hadi mwisho. Ntumba hakubisha. Alimega tonge la bukari ya kwao, ule ugali unaochanganywa mahindi na mihogo, akamnyooshea. Ngoyi akatazama kulia, akatazama kushoto, akala. Kesho akarudi kuisema sheria tena. Treni ilipokuja hatimaye, wazazi walipanda, Ntumba akabaki. Wapo waliomtukana Ngoyi wakati ule, kuoa msichana wa Kasai katika mwaka kama ule, wapo hata kanisani. Yeye aliwajibu kwamba ameshakula. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakukataa chakula cha mkono ule hata mara moja, si kilichoungua, si kilichozidi chumvi, wala akiwa na homa.

Kulipokucha, Ntumba alikuwa kwenye mlango wa pembeni wa kliniki, kabla ya saa ya wageni. Chini ya kikwembe, kitenge alichojifunga, alificha bakuli: bukari, na samaki wa Bukama aliyemkaanga vizuri. Ève akafungua mlango huku akiangalia nyuma.

"Kuomba tu, mama. Dakika kidogo. Hapana mbabula, hapana mukeka, hapana viatu mu chumba, hapana kelele. Na leo papa habakubali akule."

Ntumba aliyasikia yote. Tatizo ni kwamba aliyasikia kama wimbo mmoja: hapana, hapana, hapana. Wageni wamejenga jiko lao, basi hawataki la mtu mwingine, kila mfanyabiashara huipenda bidhaa yake. Lakini kumpeleka mwanamume kwenye kisu na tumbo tupu? Hata mbuzi wa Krismasi hulishwa.

Ngoyi alikuwa amekaa kitandani na gauni la kijani lililofungwa mgongoni, suti imetundikwa ukutani, viatu vyake vya kanisani chini ya kitanda. Sheria ya viatu alikuwa amekwisha kuivunja kimyakimya, maana hakuviamini mikononi mwa mtu. Alipomwona mkewe uso ulichanua. Alipoliona bakuli, uso ukafanya jambo lingine ambalo Ntumba hakuwa na wakati wa kulitazama.

"Kula mbio, mbele ya banganga kukuona."

Ngoyi alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Akalinusa. "Samaki ya Bukama," akasema polepole. "Mama Ève, tuombe kwanza. Weye uombe. Uombe muzuri."

Watu wanaomfahamu Ntumba hawamwombi aombe kama wana haraka. Sala yake ina safari ndefu: huanzia kwa marehemu, hupita Mbuji-Mayi kwa ndugu zake, hushuka kwa wajukuu mmoja mmoja kwa majina, hukaa kidogo kwa wachungaji, na siku ile ilimchukua hata daktari wa Lubumbashi na rubani wa ndege yake. Alifumba macho kwa nguvu, machozi yakapita hivyo hivyo. Alimwambia Mungu waziwazi kwamba alikwisha kumpa Mwadi, na huyu hampi.

Aliposema amina akafumbua macho, bakuli lilikuwa jeupe. Ngoyi alikuwa anajipangusa kinywa na ukingo wa shuka.

"Ulikula wakati minyi nasema na Mungu?"

"Nilikuwa na njala. Mungu anaijua bukari yako, anasamehe."

Ntumba alimpiga begani kidogo, akacheka, akaficha bakuli, akatoka. Moyo ulikuwa umetulia. Alikaa kwenye benchi la ukumbini mikono mapajani kama mtu aliyemaliza kazi. Alimwona Ngoyi akipitishwa kwenye kitanda cha magurudumu, akampungia mkono. Mlango mwekundu wa chumba cha upasuaji ukafungwa nyuma yake.

Ève akaja kukaa kando yake, akapumua. "Aksanti, mama. Niliogopa utamupa kitu. Ile dawa ya usingizi ni mubaya sana kama mutu alikula. Chakula inapanda, inaingia mu mapafu, na yeye hawezi kukohoa, iko analala. Bengine habaamuke tena."

Ntumba aliligusa bakuli chini ya kikwembe. Kama angekaa kimya, mumewe angekufa kwa mkono wake mwenyewe, mkono uliomlisha. Kama angesema, safari ya daktari ingepotea, na Ève aliyefungua mlango angevuliwa sare. Alimtazama binti yake, mtoto mzuri, kola imenyooshwa pasi.

"Unisamehe, Ève," akasema. Akainuka, akaupiga mlango mwekundu kwa ngumi mbili.

"Munganga! Simamisha! Bwana yangu alikula! Minyi njo nilimukulisha!"

Matthias alitoka barakoa imeshuka kidevuni. Ève naye alikuwa amekwisha kusimama, uso umekuwa majivu. "Minyi njo nilimufungulia mulango," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Matthias akamtazama mama, akamtazama binti. Alionekana kama mtu anayeona kliniki yake yote inapakiwa kwenye lori kurudi Mwanza.

"Alikula nini? Saa ngapi?"

"Bukari. Bukari mingi. Leo asubui."

Matthias akarudi ndani. Sauti zikasikika, na juu ya zote ile sauti ya chini kabisa ya kwaya. Kisha mlango ukafunguka na Ngoyi akatolewa hadi kizingitini, bado yuko macho, bado hajachomwa sindano yoyote, shuka hadi kifuani.

"Baba," Matthias akamwambia, "niambie kweli. Umekula leo?"

Ngoyi akamtazama mkewe. Akatazama dari. "Munganga, toa kwanza bibi yangu inje. Kiisha nitajibu."

"Sitoke!" Ntumba akasema. "Sema mbele yangu. Sema ulikula, bakutoe mule."

Mzee yule alifumba macho. Mtu ambaye hakuogopa kisu wala sindano aliogopa kumtazama mkewe. "Shikukula," akasema. "Unisamehe, mama Ève. Banganga balinikataza tangu jana, na balinielezea sababu. Lakini weye ulikuya na bakuli. Ningekuambia namna gani? Tangu gare shiyakukatalia."

"Uongo! Bakuli ilikuwa wazi, niliiona!"

"Bukari iko mu kiatu ya kuume," akasema Ngoyi kwa sauti ndogo. "Samaki iko mu ya kushoto."

Hakuna aliyecheka, bado. Ntumba alikwenda mbio chumbani, Matthias nyuma yake, Ève nyuma ya Matthias. Alipiga magoti akavuta viatu kutoka chini ya kitanda, vile viatu ambavyo Ngoyi hakumruhusu mtu mwingine avipige rangi. Ndani ya kile cha kulia bukari ilikuwa imeshindiliwa hadi kwenye kidole, bado ina joto. Katika kile cha kushoto samaki alikuwa amelala vizuri, kichwa kisiginoni. Vyote vilikuwamo. Hakuna tonge hata moja lililomegwa.

Ntumba akakaa sakafuni na kiatu kifuani. Alilia, kisha akacheka, kisha vyote viwili vikamjia pamoja asiweze kuvitenganisha. Kwa mara ya kwanza tangu gare alimshukuru Mungu kwamba mumewe hakula.

Matthias alichutama mbele yake, akakikagua kile kiatu mara mbili, akaondoka kwenda kumwambia daktari aendelee.

Kazi ilikwisha vizuri. Daktari wa Lubumbashi alinawa, akaiwahi ndege yake. Matthias akaja kukaa kwenye benchi pamoja na Ntumba. Ntumba akaanza.

"Usimufukuze mutoto. Kosa ni yangu."

"Simfukuzi, mama."

"Lakini na weye uko na kosa. Munasema tu 'hapana ruhusa, hapana ruhusa'. Mbabula haina ruhusa, mukeka haina ruhusa, kula haina ruhusa. Hamukuniambia ile moja iko na kufa ndani yake. Kama ulinilaza hapa pembeni yake, ungenielezea kama ulivyomwelezea yeye. Minyi mwenyewe ningekuwa mulinzi. Hata nzi haingemupelekea chakula."

Kijana akatazama mikono yake. Akasema kwamba mama yake mzazi, kule Mwanza, angefika na jiko vilevile, na pengine angempiga mlinzi nalo. Kisha akauliza mbabula iko wapi.

Alikwenda mwenyewe langoni kuibeba. Aliipeleka uani, nyuma ya chumba cha jenereta, penye kivuli na bomba, na masizi yakamwachia doa jeusi kwenye koti jeupe, palepale kifuani. Godoro likaja baadaye. Ilipofika jioni Ntumba alikuwa anachochea makaa, na harufu ya sombe ikapanda ukuta, ikapita juu ya yale maneno ya kijani, ikaingia mjini. Hazikupita siku nyingi, wanawake wa Base wakarudi. Waliuliza swali lao lile lile. Mlinzi akawaelekeza uani kwa kidole, kwa fahari, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Ngoyi aliporuhusiwa kula, Matthias aliwaita wote wawili akawaeleza kwa utaratibu: ale kidogo, ale polepole, na kwa nini. Ntumba aliuliza maswali hadi kijana akatoka jasho. Kisha akasonga bukari laini, akaisindikiza kwa samaki mpya wa Bukama, akaliweka bakuli kwenye mapaja ya mumewe.

Ngoyi alilinusa. Alimtazama mkewe kwa upendo wote aliokuwa nao.

"Tuombe kwanza, mama Ève."

Ntumba alinyoosha mguu, akavisukuma viatu mbali na kitanda hadi vikagonga ukuta. Ndipo akainamisha kichwa, akaomba sala yake yote, kuanzia kwa marehemu na kwa Mwadi, kupitia Mbuji-Mayi, wajukuu mmoja mmoja, hadi kwa wageni waliokuja kutoka mbali. Aliiomba yote jicho moja wazi.